Moyo Ulikimbia Jana, Leo ECG ni Safi: Kutafuta Hitilafu ya Umeme wa Moyo Kuanzia Kliniki ya Moshi Hadi Meza ya Katheta

“Sista, jana usiku moyo ulikimbia mpaka nikamwamsha jirani. Leo umetulia, hata naona aibu nimekuja.”

Nafanya kazi kwenye chumba cha ECG, kipimo kinachochapa umeme wa moyo kwenye karatasi, hapa Moshi mjini, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno. Mama analala, nabandika waya kumi, mashine inachapa, karatasi inatoka safi: mapigo 76, mpangilio mzuri. Tunaandika “kawaida”, tunampa pole na vidonge vya wasiwasi, anarudi Kiboroloni. Mwaka mmoja baadaye anapewa rufaa ya kupimwa kwa katheta, na kwenye bahasha yake hamna hata karatasi moja iliyochapwa wakati moyo unakimbia.

Katheta ya kazi hii ni waya laini, unene wake kama milimita 2, unaopitishwa kwenye mshipa wa paja kwa ganzi hadi ndani ya moyo. Kwenye ncha yake kuna vipete vya chuma, elektrodi, vinavyosikiliza umeme pale pale unapopita. Mwaka 1967 Dirk Durrer na wenzake huko Amsterdam walionyesha kwamba moyo unaweza kuchokozwa kwa umeme kidogo mpaka mbio zianze, kisha zikasimamishwa kwa umeme huohuo. Miaka miwili baadaye Benjamin Scherlag na wenzake, Marekani, wakaonyesha namna ya kurekodi kwa katheta ule uzi mkuu unaoshusha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, unaoitwa fungu la His. Hadi leo kazi ni hiyo: kuchokoza, kusikiliza, kuchora ramani, na chanzo kikipatikana, kukichoma. Ila anayechokoza anatakiwa awe na fununu ya anachokitafuta, na fununu hiyo anaitoa kwenye karatasi uliyoikamata wewe.

Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata lalamiko la mgonjwa. Ni kwa ajili ya wauguzi na matabibu wenzangu, na kwa mgonjwa anayependa kujua kilichoandikwa kwenye faili lake.

Kabla ya yote

Moyo unakimbia na presha imeshuka, kifua kinabana, anahema sana au fahamu zinampotea: huyo hachorwi ramani, anahitaji shoti ya umeme. Kama waya za ECG ziko karibu, chapa sekunde kumi huku wenzako wakiandaa mashine ya shoti. Kama haziko karibu, achana nazo.

Kwa aliye imara, usimuulize “moyo unaenda mbio?” Atakujibu ndiyo, hata kama alikuwa na hofu tu. Mimi humwambia agonge meza kwa kidole kama moyo wake ulivyokuwa ukipiga. Kidole hakijui kutia chumvi. Kuna wanaogonga haraka na sawasawa kama cherehani. Wengine wanagonga ovyo, mara mbili, kimya, mara tatu. Wengine wanagonga taratibu, halafu pengo, halafu pigo moja zito, na huyu mara nyingi ana mapigo ya mapema tu ambayo kwa moyo mzima hayana madhara. Kidole hicho kimoja kinanionyesha pa kuanzia.

“Unaanza ghafla, unaisha ghafla, kama mtu amezima swichi”

Hapa nitakaa kidogo, maana hawa ndio katheta inaowaponya vizuri kuliko wote, na ndio tunaowapoteza sana.

Anagonga kama cherehani, 150 hadi 250 kwa dakika. Mara nyingi ni kijana, au mama wa miaka ya thelathini na arobaini. Muulize shingo. Akisema “shingo ilikuwa inadunda, hata mume wangu aliiona”, andika hivyo hivyo kwenye faili. Shingo kudunda vile maana yake vyumba vya juu na vya chini vinajibana kwa wakati mmoja, damu inarudi nyuma kwenye mishipa ya shingo.

Chanzo kinachoongoza ni njia mbili ndani ya kituo cha kati cha umeme, kile kinachounganisha juu na chini. Watu wengi wamezaliwa nazo na hawatajua maishani: njia moja ya haraka, nyingine ya polepole. Pigo moja la mapema linaikuta ile ya haraka bado imepumzika, linashuka kwa ya polepole, na likifika chini linaikuta ya haraka imeshaamka. Linapanda nayo. Basi tena, umeme umeingia kipilefti cha Mnara wa Saa na hauoni pa kutokea, unazunguka tu, na kila mzunguko ni pigo moja la moyo.

Chanzo cha pili ni uzi wa ziada wa nyama uliobaki tangu tumboni mwa mama, unaoruka kituo cha kati kabisa. Hapa ndipo karatasi ya siku tulivu nayo inaweza kusema, kwa hiyo usiisome haraka haraka. Tazama umbali kutoka wimbi la P, kile kilima kidogo cha umeme wa vyumba vya juu, hadi mwanzo wa QRS, wimbi refu la vyumba vya chini. Ukiwa chini ya miraba midogo mitatu, yaani sekunde 0.12, na mguu wa QRS unapanda kwa mteremko kama njia ya Kibosho badala ya kusimama wima, una WPW mkononi, hali iliyoelezwa na Wolff, Parkinson na White mwaka 1930. Mashine yenyewe wakati mwingine huandika “kawaida” juu ya karatasi kama hiyo. Usiiamini mashine.

Akija mbio zikiwa bado zinaendelea, umepata bahati. Bandika waya kwanza, acha karatasi itembee, ndipo ujaribu kuzisimamisha. Mwache apulize bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15, kwa nguvu ya kutosha kuisogeza pistoni, akiwa ameketi nusu. Kisha mlaze chali mara moja na muinue miguu yote miwili kwa sekunde 15. Jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2015 lilionyesha mbinu hii inarudisha mapigo kwa watu 43 kati ya 100, dhidi ya 17 kwa wanaopuliza tu bila kulazwa wala kuinuliwa miguu. Haina gharama, na hapa kwetu bomba la sindano halikosekani. Ikishindikana na adenosini, dawa inayofunga kituo cha kati kwa sekunde chache, ipo na mgonjwa hana pumu, miligramu 6 kwenye mshipa mkubwa wa mkono, isukumwe haraka na kufuatiwa na maji ya chumvi papo hapo. Ukiisukuma polepole inakwisha nguvu kabla haijafika moyoni. Karatasi iendelee kutembea muda wote. Zile sekunde za mwisho kabla mbio hazijakatika, na mapigo mawili matatu ya kwanza baada yake, daktari wa umeme wa moyo anazitafuta kuliko kitu kingine.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Dada mmoja alifika kituo fulani mapigo yakiwa zaidi ya 200, akachomwa dawa, yakatulia, akaambiwa aende nyumbani. Hakuna aliyewasha mashine ya ECG, na mashine ilikuwepo, imefunikwa kitambaa. Alipofika kwenye meza ya katheta, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Dar, moyo wake ulichokozwa kwa kila namna na haukukimbia hata mara moja. Haukuchomwa. Huwezi kuchoma usichokiona. Akarudi na basi la usiku akiwa na kidonda kidogo pajani na swali lilelile alilokwenda nalo.

Mbio zikitokea mezani, uchunguzi unakwenda hivi. Katheta zinawekwa sehemu tatu au nne: juu kwenye atria (chumba cha juu) ya kulia, kwenye fungu la His, kwenye ventrikali (chumba cha chini) ya kulia, na ndani ya mshipa unaozunguka nyuma ya moyo. Kila moja inaandika mstari wake, na swali ni nani kaanza. Ventrikali na atria zikiwaka karibu pamoja, tofauti chini ya milisekunde 70, mshukiwa mkuu ni zile njia mbili za kituo cha kati. Atria ikichelewa zaidi ya hapo, uzi wa ziada unaingia kwenye orodha, na mahali atria inapowaka kwanza ndipo uzi ulipofungwa. Njia ya polepole huchomwa kwa joto linalozidi kidogo nyuzi 50. Ipo hatari ndogo, takriban mtu mmoja kati ya mia, ya kuunguza njia kuu na kulazimika kuwekewa betri ya moyo. Mgonjwa aambiwe hilo akiwa bado Moshi, asilisikie mara ya kwanza akiwa amevaa gauni la hospitali.

“Mia na hamsini, haishuki haipandi”

Mapigo 150 kamili, yamekaa hapo tangu asubuhi, mgonjwa akilala 150, akitembea 150. Moyo wa mtu mwenye homa au hofu hupanda na kushuka. Huu haushuki kwa sababu juu atria inazunguka 300 na kituo cha kati kinapitisha moja kati ya mbili. Hii ni flata, umeme unaozunguka ndani ya atria bila kusimama. Kwenye lidi za II, III na aVF, ile mistari ya karatasi inayoutazama moyo kutoka chini, tafuta meno ya msumeno. Yakijificha, adenosini haitaikata flata lakini itasimamisha QRS kwa sekunde chache na meno yote yatajitokeza wazi.

Mzunguko wa kawaida wa flata hupita kwenye kishingo chembamba kati ya valvu (mlango wa damu) ya kulia na mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka chini. Ukikatwa hapo kwa mstari mmoja wa kuchoma, barabara imefungwa. Ni moja ya kazi ambazo katheta inazimaliza vizuri.

“Hauna mpangilio kabisa”

Anagonga meza ovyo. Karatasi haina wimbi la P, na nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani. Ni mtetemo wa atria. Kabla ya kuitamani katheta, tafuta chanzo kinachotibika hapa hapa.

Desemba ndiyo mwezi wangu wa mtetemo. Wachaga wanarudi nyumbani, mbuzi wanachinjwa, mbege inazunguka, na juu ya mbege inaongezwa konyagi. Tarehe 27 na 28 napokea wanaume wa miaka hamsini wenye macho mekundu na moyo unaotetemeka. Wengi hutulia ndani ya siku moja. Ukimwambia mzee sababu ni kinywaji atakujibu, “Mwanangu, mbege ni chakula.” Usibishane naye, mpangie arudi mwezi wa pili na umpime tena.

Pima tezi ya shingo. Pima presha, maana presha ya muda mrefu hupanua atria. Sikiliza valvu, hasa kwa kijana: wapo walioharibika valvu ya kushoto kutokana na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, atria ikavimba, na sasa inatetemeka. Huyo ramani ya katheta si dawa yake ya kwanza. Valvu ndiyo ishughulikiwe. Na katika wote, amua mapema kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu kiharusi hakisubiri tarehe ya rufaa.

Kwa wale wanaobaki, wasio na valvu mbovu na waliochoshwa na dawa, mlango ulifunguliwa mwaka 1998. Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walifuatilia kwa katheta cheche zinazouanzisha mtetemo wa wagonjwa 45, na cheche 94 kati ya kila mia zilitokea ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Ndiyo maana leo daktari hazunguki atria nzima akitafuta. Anaizungushia mishipa hiyo uzio wa makovu.

“Nazimia”, au “moyo unapiga taratibu mno”

Mapigo 38, P inakwenda zake na QRS inakwenda zake: hapo hakuna fumbo, karatasi imesema, anahitaji betri. Angalia kwanza dawa anazokunywa, hasa beta bloka na digoksini zinazopunguza kasi ya moyo, na kiwango cha potasiamu kwenye damu. Katheta husaidia pale anapozimia na karatasi inaonyesha tawi moja tu la umeme limekufa. Inapima muda kutoka fungu la His hadi ventrikali, ambao kwa kawaida ni milisekunde 35 hadi 55. Ukifikia 100, betri isisubiri.

QRS pana na mbio

Ichukulie kuwa inatoka ventrikali mpaka ithibitishwe vingine, zaidi sana kama mtu aliwahi kupata shambulio la moyo au moyo wake umepanuka. Usimpe verapamili, dawa nyingine ya kupunguza mbio. Na QRS pana zikiwa hazina mpangilio na mapigo yanazidi 200 kwa kijana, fikiria WPW iliyoingiliwa na mtetemo: verapamili na digoksini hufunga njia ya kawaida na kuuachia uzi wa ziada barabara yote.

Kwa kovu la zamani, ramani inayochorwa ni ya nguvu ya umeme: pale nyama ni nzima elektrodi husoma zaidi ya milivolti 1.5, kovu gumu chini ya 0.5, na mzunguko hujificha katikati ya hizo mbili, kwenye vichochoro vya nyama hai ndani ya kovu.

Mezani: ramani inapokataa

Wiki tatu za mafunzo nilisimama nyuma ya kioo cha chumba cha katheta. Niliyoyaona yakikwamisha kazi ni haya, na mengi yalikuwa madogo.

Mbio hazianzi. Sababu ya kwanza ni dawa. Mgonjwa alimeza kidonge chake cha mbio asubuhi hiyo, kwa utii. Dawa nyingi husimamishwa siku chache kabla, kwa amri ya daktari; amiodaroni hukaa mwilini wiki hata miezi. Sababu ya pili ni usingizi mzito wa dawa za kutuliza. Wakishapunguza, wakaongeza isoprenalini ya kuamsha moyo, mara nyingi mbio hutokea. Sababu ya tatu inachekesha na kuudhi: ncha ya katheta imeugusa ule uzi wa ziada na kuukanyaga, uzi ukafa ganzi kwa dakika au saa kadhaa. Hapo hawachomi kwa kubahatisha. Wanarudisha katheta nyuma, wanaweka alama mahali ilipogusa, wanasubiri.

Mistari imeota manyoya. Hesabu manyoya: yakiwa 50 kwa sekunde, ni umeme wa ukutani. Nilimwona fundi akianza kwa daktari wa usingizi, akichomoa chaja ya simu iliyochomekwa nyuma ya meza. Manyoya yakapungua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa kwenye kiungo cha kebo kilicholowa damu. Kikafutwa, kikakaushwa, mstari ukanyooka. Tatizo likiendelea, tazama nyaya za kutuliza umeme ardhini, na kebo ya katheta iliyolalia kebo ya mtambo wa kuchoma. Kichujio cha 50 ndicho cha mwisho, kwa sababu kinakula na ishara ndogo za kweli.

Elektrodi moja haisemi kitu. Badilisha kebo kabla ya kubadilisha katheta. Kebo ni rahisi, katheta ni pesa. Zote zikiwa kimya huenda katheta inaelea kwenye damu bila kugusa ukuta, na itakataa pia kuchokoza.

Ramani imehama. Kwenye skrini fungu la His linaonekana limetoka lilipokuwa na kusogea sentimita nzima. Moyo haukuhama. Mgonjwa amejigeuza, au kibandiko cha mgongoni kimeachia kwa jasho. Pointi zilizochukuliwa baada ya hapo haziaminiki hata kama rangi zake zinapendeza.

Rangi nazo: nyekundu ni mapema, zambarau ni kuchelewa. Ikiwa kila mahali ni “mapema”, kuna uwezekano ncha yenyewe inachokonoa ukuta na kuzalisha mapigo yake, na ramani inachora kidole cha daktari badala ya ugonjwa. Hapo wanaulinganisha mchoro wa lidi 12 wa pigo hilo na ule wa ugonjwa wa mgonjwa mwenyewe. Ule uliochapwa Moshi. Nilipoona daktari akiifungua bahasha na kuinua karatasi yetu yenye doa la chai kwenye mwanga, nilitamani ningeichapa vizuri zaidi.

Karatasi yenyewe

Niliwahi kubadilishana waya za mkono wa kulia na wa kushoto. Lidi ya I ikageuka chini yote, hata P, na mtu mwenye moyo mzima akaandikiwa ugonjwa. P ikiwa imepinduka kwenye I, angalia mikono kwanza.

Chapa lidi zote 12, halafu acha lidi ya II itembee angalau nusu dakika. Andika saa, presha, dawa uliyotoa na sekunde uliyoitoa, kwa kalamu, juu ya karatasi yenyewe. Mgonjwa wa mbali, wa Rombo au Machame, mpe maelekezo ya kituo cha karibu chenye ECG na mwandikie: “Naomba nichapwe kabla sijachomwa dawa.” Wengine huona haya kulisema, kikaratasi hakina haya.

Kisha toa nakala siku hiyohiyo. Karatasi ya ECG huchapwa kwa joto, haina wino. Ikikaa juani kwenye dashibodi ya Hiace, au miezi kadhaa ndani ya mfuko laini wa plastiki ambao wagonjwa wetu wanauamini sana, mistari inafifia mpaka inabaki miraba mitupu ya waridi. Fotokopi mbili: moja faili, moja mgonjwa. Na apige picha kwa simu, karatasi ikiwa imelazwa mezani, siyo imeshikwa mkononi.